Jina Langu Midomoni mwa Watu wa Filamu

Jumatatu, 4 Februari

Leo nimejua kwamba mtu anaweza kugeuka neno. 

Ilikuwa jioni, hapa Ogwashi-Uku, kwenye ua mkongwe tunaopigia filamu ya malkia mjane. Watu wamechoka. Jua nalo limechoka. Isioma, msaidizi wa mwongozaji, akapaza sauti kwamba hii sasa ni Abby Singer. Papo hapo mafundi wa taa wakaanza kukunja nyaya zisizotumika. Dada wa mavazi akaanza kukusanya shanga. Mimi nikabaki nimesimama. Miaka yote niliyokaa kwenye filamu nilidhani Abby Singer ni aina ya cherehani.

Nikamwuliza Isioma. Akanieleza huku anakunywa maji. Kumbe ni jina la mtu. Bwana mmoja wa Hollywood, zamani, msaidizi wa mwongozaji kama yeye. Alikuwa na desturi ya kuwaambia wenzake: hii, halafu moja tu, tunahama. Watu wakapata nafasi ya kufunga vitu mapema. Basi shoti ya kabla ya mwisho ikaitwa kwa jina lake. Mpaka leo.

Nikauliza alibuni mashine gani. Hakubuni mashine. Je, hilo jina alipewa kwa uigizaji? Hapana. Alisema tu, "Hii na moja."

Nililazimika kuketi juu ya sanduku la taa. Mtu ana mama yake, ana viatu vyake, anasema maneno yake mawili matatu kazini, kisha watu wa Ogwashi-Uku, ambao hakuwahi hata kuwaota, wanamtaja jua linapozama. Mafundi wanakunja nyaya kwa sababu yake. Sijawahi kusikia jambo kubwa namna hii.

Na mimi je? Mimi ni Azuka Monyei, mtu wa lokesheni. Natafuta nyumba za kupigia filamu. Nabembeleza wenye nyumba. Nafukuza mbuzi. Naomba majirani wazime jenereta. Jina langu hupita mwishoni mwa filamu, wakati watu wamekwisha kuzima televisheni na kwenda kupakua chakula.

Nimeamua. Kabla filamu hii haijakwisha, kutakuwa na kitu kinachoitwa Azuka. Kitu gani, sijui bado. Hilo ni dogo.

Jumanne, 5 Februari

Mpango wa kwanza: tumbo.

Jambo linalorudiwa kila siku na kupendwa na wote ni mapumziko ya asubuhi. Nikamwahi mama muuza akara, zile bajia za kunde, kabla wateja hawajafika, nikaja na beseni zima, za moto, mafuta yanachuruzika. Nikatangaza kwamba kuanzia leo mapumziko haya yaitwe Azuka. Walikuwa wanatafuna.

Mara nikaitwa nje, jirani ameanza kupasua mbao. Nikaenda kumbembeleza. Niliporudi, beseni lilikuwa mikononi mwa mwenzetu Chiedu. Anagawa akara kama baba wa bwana harusi. Fundi wa sauti akasema, mdomo umejaa, kwamba Chiedu hii imekuja wakati wake. Mpiga picha akauliza kama kesho kutakuwa na Chiedu tena.

Nikawaambia ile ni Azuka. Chiedu akaniwekea mkono begani. "Kaka, kula kwanza," akaniambia. "Hizo habari za majina tutazungumza ukishashiba."

Na ya kwangu ilikuwa imebaki moja, tena ya baridi.

Huyu Chiedu ndiye mshika kibao. Kazi yake yote ni kugonganisha vipande viwili vya mbao mbele ya kamera. Kila shoti inaanza na uso wake. Mtu wa namna hiyo angekuwa ameridhika.

Jioni nimejitengenezea kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. AZUKA, kwa wino mwekundu. Herufi zinasomeka ukiwa barabarani. Nimejaribu.

Jumatano, 6 Februari

Mpango wa pili: amri.

Kabla kamera haijawashwa, Isioma hupaza sauti, "Kimya!" Watu hawanyamazi. Neno hilo limechakaa, wamelisikia tangu shule ya msingi. Nikamfuata Oga Ossai, mwongozaji wetu, nikamweleza kwamba panahitajika neno jipya. Oga Ossai ni mtu wa sauti ya chini ambaye siku zote anaangalia mawingu. Akatikisa kichwa. Nilichukulia amekubali. Baadaye alisema alikuwa anafukuza nzi.

Basi wakati wa sini ya Madam Obiageli, mwigizaji wa malkia, ulipofika, nikasimama katikati ya ua, nikavuta pumzi, nikaita kwa nguvu zangu zote: "Azuka!"

Kimya kilipatikana. Kimya kizuri sana. Kisha kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaingia, wembe mkononi, anauliza nani anamwita. Nyuma yake mteja wake, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kisha bibi mmoja wa nyumba ya nyuma, kwa mkongojo wake, anataka aambiwe kuna msiba gani. Kisha mwanamke mwenye ndoo ya maji. Wote ni Azuka. Hapa kwetu jina hili limejaa kama mchanga, na mimi sikulifikiria hilo.

Walipita wote mbele ya kamera. Madam Obiageli, ambaye alikuwa ameshaliandaa chozi lake, ikabidi aliachie bure.

Bibi alinijia juu. "Unaniita kwa jina langu, mtoto wa juzi, hata kuniamkia hukuniamkia?" Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akasema amesamehe, lakini kwa kuwa ameshafika, haondoki mpaka aone mwisho. Akaletewa kiti. Nilimshikia mwavuli hadi jioni.

Isioma aliniambia nikitamka tena jina langu mwenyewe kazini, atanipeleka kulinda choo. Chiedu sasa kila nikipita anauliza, "Azuka yupi, kinyozi?"

Lakini naandika hili pia. Baada ya wale watu kutolewa, Madam Obiageli alifumba macho kidogo, na lile chozi likarudi. Naapa lilikuwa lilelile. Jicho lilelile la kushoto. Muda mfupi kabla alikuwa anakula karanga na kulalamikia goti lake. Ana umri wa mama yangu. Nilisimama karibu kabisa na sikuona lilikotoka. Usiku huu sitalala upesi.

Alhamisi, 7 Februari

Nitaandika kwa mpangilio.

Leo ilikuwa sini ya moto. Hadithi ni hii: mfalme amekufa, ndugu zake wanaichoma nyumba yake ili mjane asirithi kitu. Malkia anafika na kuikuta inawaka. Mila hairuhusu alie mbele ya watu. Anavua shanga zake, anaziweka mlangoni. Basi.

Nyumba ilikuwa moja. Wazee wa hapa waliijenga kwa udongo na majani, kazi safi, mtu ungeweza kuhamia. Oga Ossai alituita akatuambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba itaungua mara moja, kwa hiyo hakuna kurudia. Akasema amekuwa akiiota sini hii tangu akiwa kijana. Watu waliitika kama wako kanisani.

Mimi nilipewa pengo la ukuta, nyuma kabisa ya nyumba. Asipite mtu. Asipite mbuzi. Nikaenda nikasimama. Hakupita mtu wala mbuzi. Hilo liandikwe.

Moto ukashika. Ukanguruma kama turubai linalochanika. Kutoka pale pengoni nilikuwa naona moshi tu, sikumwona Madam. Nikasogea kidogo. Bado moshi. Nikasogea tena.

Siku zote hizi nimekuwa na mpango, leo sikuwa nao. Naapa kwa mama yangu.

Alikuja polepole. Hakulia. Alivua shanga za shingoni, kisha za mkononi, na vidole vyake vilikuwa vinasumbuka na fundo la uzi kama vya mtu yeyote mwenye haraka. Akainama akaziweka. Halafu akaita jina la mumewe. Hakulipaza. Aliliita kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili, umwambie chakula tayari. Kisha akasubiri aitikiwe.

Mimi nilisahau kamera. Nilisahau kwamba mle ndani hamna kitu, na ni mimi mwenyewe niliyepitia asubuhi kutoa kuku. Niliamini kuna mtu ndani. Niliweka mikono kichwani na kulia mdomo wazi.

Oga Ossai alisema kata. Watu hawakupiga makofi mara moja. Fundi wa sauti alikuwa anafuta macho kwa fulana. Kisha makofi yakaanza, kisha mpiga picha akaitazama tena shoti kwenye skrini yake ndogo, na makofi yakaisha. Wakaniita.

Nilikuwemo kwenye picha. Nyuma ya bega la malkia, katikati ya ndimi mbili za moto, enzi za wafalme. Ndala za njano. Saa mkononi. Na kifuani, kwa wino mwekundu, AZUKA. Inasomeka vizuri kabisa.

Nyumba ilikuwa majivu. Oga Ossai hakunigombeza. Aliketi chini, mavumbini, na suruali yake nyeupe. Afadhali angenigombeza. Isioma akaniambia niende nyumbani. Nilipopita mbele ya Chiedu nilijikaza, nikingoja maneno yake. Aliangalia chini.

Ijumaa, 8 Februari

Nilirudi kuomba radhi. Sikuvaa kitambulisho.

Oga Ossai alikuwa ameshazungumza na mhariri wa filamu. Mhariri anasema anaweza kunifunika kwa moshi, aukuze ule uliopo usogee juu yangu. Shoti imeokoka. Oga alinitazama, nadhani ni mara ya kwanza ananitazama mimi badala ya mawingu. "Azuka," akasema, "wewe sasa ni moshi. Nenda salama." Na kazi yangu ikaishia hapo.

Madam Obiageli aliniita chini ya mwavuli wake. Nikapiga magoti. Akaniuliza jana nilikuwa nalilia nini. Nikamwambia ukweli: nilidhani bwana yuko ndani.

Akasema alianza kulia mbele ya kamera akiwa msichana, na siku zote wanaomtazama wanaangalia mwanga umekaaje, kitambaa kimekaaje. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtafuta yule mume. "Mimi mwenyewe jana nilimtafuta," akasema. "Nilipokuona unalia ng'ambo ya moto nikasema, basi kweli yumo." Akanishika kichwa. Mkono wake ulinukia karanga. "Ila siku nyingine, mwanangu, mlilie ukiwa nyuma ya kamera."

Sina la kuongeza. Nimeliandika nisije nikasema niliota.

Nilikuwa nimefika getini niliposikia. Walikuwa wanajiandaa kwa shoti nyingine. Isioma akamwambia msaidizi wa kamera, kwa sauti ya kawaida ya kazi: "Angalia Azuka." Yule akainamia skrini, akakagua pembe zote za nyuma, akajibu: "Azuka hakuna." Kisha kibao kikagongwa, wakaanza.

Niligeuka, nikidhani wananitania. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Hakuna aliyecheka. Walikuwa kazini.

Nililishika lile geti kwa mikono miwili.

Jumapili, 10 Februari

Asaba, nyumbani. Sina kazi. Nina neno.

Limeshafika kabla yangu. Fundi wa sauti amenipigia simu, anasema kundi la mafundi la WhatsApp linalitumia tangu juzi. Na linakua. Mwanzo lilikuwa mtu aliyepotea njia akaingia nyuma ya picha. Sasa ni kitu chochote. Nguzo ya umeme kwenye enzi za wafalme ni azuka. Chupa ya soda mezani kwa mganga wa kale ni azuka. Kuna mtu ameandika, "Ondoeni azuka mbili pale ukutani." Mbili! Nimekuwa wingi.

Baada ya ibada, mbele ya kanisa, watu walikuwa wanapiga picha za shukrani ya harusi. Mjomba mmoja aliyelewa mapema akawa anajipenyeza nyuma ya maharusi. Mpiga picha akamwambia, "Mzee, tafadhali, usituazukie." Mjomba akaondoka. Alielewa. Hakuna aliyemfundisha.

Nilitaka kumkumbatia yule mpiga picha. Nilisimama tu nikimtazama mpaka akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Jioni Chiedu amenipigia simu. Alizunguka sana. Hatimaye akauliza nilifanyaje. Anasema tangu juzi amekuwa akigonga kibao kwa mtindo maalumu, anakizungusha kwanza hewani, na bado hakuna anayeuita mtindo huo chochote. Mara moja kilimpiga Isioma. Nilimwambia mambo haya hayana fundisho, yanatoka moyoni. Nilifurahi kupita kiasi. Simu ilipokatika nikasikitika kidogo kwa ajili yake, lakini kidogo tu.

Jumatano, 13 Februari

Nimekwenda kujionyesha.

Hotelini, karibu na barabara ya Nnebisi, wanapiga filamu ya familia. Watu wapya kabisa, hatujuani. Nikafika wakati wa mapumziko, nikaketi nao, nikangoja. Haukupita muda, mmoja akasema asubuhi walipata azuka mbaya, mhudumu na mashuka yake. Nikauliza, kama mtu asiyejua, neno hilo limetoka wapi.

Fundi wa taa alinijibu kama anamjibu mtoto. Ni Kiigbo tu, ndugu yangu. Azu ni mgongo, ni nyuma. Azuka, maana yake angalia nyuma. Wazee wa filamu wamelitumia miaka na miaka.

Mpiga picha akakataa. Akasema ni la Wamarekani, kila herufi inasimamia neno la Kiingereza. Akaanza kuyataja. Herufi A ilimwendea vizuri. Alikwama kwenye Z, akasema ana kitabu nyumbani.

Dada wa vipodozi akawaambia wote hawajui kitu. Azuka ni mtu. Nikasogeza kiti changu karibu. Alikuwa mfanyakazi wa filamu kule Ogwashi-Uku, akasema. Nyumba ya sini ikashika moto kweli, mwigizaji yuko ndani, na huyu Azuka akajitosa kumwokoa. Mwigizaji alitoka. Yeye hakutoka. Ndiyo maana kabla ya kila shoti wanamtaja, kama sala. Mpiga picha alivua kofia. Mimi mwenyewe machozi yalinilenga, alikuwa mtu wa namna gani yule.

Kisha nikakumbuka, nikasema kwamba huyo ni mimi.

Walicheka sana. Nikatoa kitambulisho cha taifa. Kikapita mkono kwa mkono. Dada wa vipodozi akanirudishia kwa upole, akasema kina Azuka ni wengi, hata shemeji yake ni Azuka, na si vizuri kuchezea jina la marehemu.

Ajabu ni kwamba sikukasirika. Nilitembea hadi ukingo wa bwawa la kuogelea, nikasimama. Wameninyang'anya neno langu na limekuwa zuri kuliko lilivyokuwa mkononi mwangu. Lina shujaa ndani yake. Lina wazee. Lina Marekani. Mimi nilileta ndala za njano tu.

Meneja wao akanifuata. Alisikia nimewahi kufanya kazi za lokesheni. Mtu wao wa kulinda nyuma ya picha anaumwa. Nikakubali. Akauliza aandike jina gani. Nikasema Monyei, inatosha.

Ijumaa, 15 Februari

Siku ya kazi. Nimejifunza mengi wiki hizi mbili na nilikuwa mtulivu kama jiwe. Nilipangiwa ujia nyuma ya chumba cha mgonjwa, nihakikishe hapapiti azuka. Nilirudisha mhudumu na mashuka. Nilirudisha mgeni aliyetafuta lifti. Msaidizi wa mwongozaji alinionyesha kidole gumba kutoka mbali. Nilihesabika kuwa mtu mzoefu.

Sini ilikuwa ndogo. Mzee ameketi kando ya kitanda cha mkewe. Mke hawezi tena kula. Mzee anamenya chungwa. Hakuna maneno. Kutoka pale nilipo niliona mgongo wake tu, shati la kijivu, mabega.

Yule mzee alikuwa analia kwa mgongo. Sijui niandike vipi. Uso sikuuona, mikono sikuiona, ila mabega yalikuwa yanamwambia yule mwanamke kila kitu. Na harufu ya chungwa ikafika hadi kwangu. Nikawaza: analimenya hilo chungwa kwa namna gani mpaka mgongo unakuwa hivi? Nilitaka kuiona mikono tu. Mikono, halafu nirudi.

Nikasogea kidogo.

Alikuwa anazitenga nyuzi nyeupe, moja moja, kwa kuwa mkewe hazipendi.

Nikasogea tena kidogo, na hapo nikasikia sauti ya msaidizi wa mwongozaji ikipasua chumba kizima: "Azuka!"

Mimi nililelewa vizuri. "Naam," nikaitika, nikasogea mbele ili wanione sawasawa.